Melanoma Changa: Kisu Kikate Wapi, Kikome Wapi

Mtu akiambiwa kwamba doa jeusi lililotolewa unyayoni mwake ni melanoma, swali la kwanza nyumbani huwa moja: mguu unakatwa au haukatwi? Ndugu hugawanyika hapo hapo. Mmoja anataka ukatwe upesi kabla ugonjwa haujapanda juu. Mwingine anaapa kwamba saratani ikiguswa na kisu hucharuka. Wa tatu tayari ana namba ya simu ya mganga. Wote watatu wanagombea hatua ya mwisho ilhali ya kwanza haijakamilika. Melanoma iliyogunduliwa mapema huamuliwa kwa kina chake, kinachopimwa kwa darubini katika vipande vya milimita. Ngozi ikatwe kiasi gani, tezi zipimwe au ziachwe, mgonjwa arudi kliniki mara ngapi: karibu majibu yote hayo hutoka kwenye namba hiyo. Ikikosekana, kila anayetoa ushauri anabahatisha, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu 325,000 duniani waligundulika nayo na 57,000 wakafa, wengi wao weupe wa Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia. Ndiyo maana kwetu husemwa ni ugonjwa wa wazungu na wa jua. Maneno hayo yana ukweli nusu. Rangi nyeusi humkinga mtu kwa kiasi kikubwa dhidi ya melanoma inayoletwa na jua, ila ipo aina nyingine, inayoitwa akrali, ambayo huota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kazi kubwa. Takwimu za Marekani zimeonyesha kwamba aina hii huwapata weusi na weupe kwa kiwango kinachokaribiana. Tofauti ni kwamba mweupe ana nyingine nyingi juu yake, na mweusi akiugua melanoma, mara nyingi huwa ni hii ya unyayo. (Ndugu zetu wenye ualbino wana hadithi yao. Saratani inayowaandama zaidi ni ya seli bapa za ngozi, na ndiyo inayolengwa na mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa Moshi. Kanuni za kuikata na kuifuatilia si hizi ninazozieleza hapa.)

Mgonjwa maarufu kuliko wote wa aina hii anafahamika hata kwa vijana wasiojua neno melanoma. Mwaka 1977 Bob Marley alikutwa na uvimbe wa melanoma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, chini ya ukucha. Awali kidonda kile kilidhaniwa kuwa cha mpira wa miguu, mchezo alioupenda. Alikataa kukatwa kidole, akafanyiwa upasuaji mdogo na kupandikizwa ngozi, akaendelea na maonyesho, likiwamo la Aprili 1980 Zimbabwe ilipopata uhuru. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha mtu aliyekataa kisu. Mimi nakisoma zaidi kama kisa cha kidonda kilichopewa sababu ya haraka. Kwetu sababu za haraka zipo tele: funza, mwiba, sugu, fangasi, kiatu kilichobana, jembe lililoponyoka. Kidonda cha unyayo kisichopona, doa linalotanuka na kubadilika rangi, mstari mweusi wa ukucha unaozidi kupanuka au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni, yote hayo yanahitaji kuonwa na daktari wa ngozi. Hiyo alama ya weusi kuvuka ukucha inabeba jina la Jonathan Hutchinson, tabibu wa London wa karne ya 19, kwa hiyo si elimu mpya.

Hatua ya kwanza ni kuchukua kinyama. Doa dogo hutolewa lote kwa ganzi ya sindano, pamoja na ukanda mwembamba wa ngozi nzima wa milimita 1 hadi 3 kulizunguka na mafuta kidogo ya chini, kisha hushonwa nyuzi chache. Ukanda huo haupanuliwi makusudi. Upasuaji mpana ukitangulia jibu la maabara huvuruga njia za limfu, na njia hizo zitahitajika baadaye kuitafuta tezi ambayo saratani ingefika kwanza. Mkononi na mguuni, mkato hufuata urefu wa kiungo ili daktari wa awamu ya pili apate ngozi ya kuvuta na kushona. Doa kubwa la unyayo si lazima litoke lote siku hiyo. Hapo huchukuliwa kipande kutoka sehemu iliyo nene zaidi, chenye kina cha kutosha. Kuparura juu juu kwa wembe ni kuharibu ushahidi, maana sakafu ya uvimbe ikibaki mwilini hakuna tena wa kusema ulikuwa umezama kiasi gani.

Na ile hofu ya kisu kucharua saratani? Tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliochukuliwa kipande na waliotolewa doa zima hazikuona kwamba wale wa kipande waliishi muda mfupi zaidi. Lakini hofu haikuzuka hewani. Wengi wetu tunamjua mtu aliyekatwa uvimbe, ukarudi baada ya miezi kwa kishindo, akazikwa. Swali ambalo familia haikuuliza ni kama uvimbe ule ulikuwa tayari mnene siku ulipokatwa, na kama ulipelekwa kupimwa. Kinachonitisha kuliko kisu ni moto. Sunzua, chunjua na madoa hupakwa asidi, huchomwa kwa umeme au leza kwenye vyumba vya urembo, hukatwa na kinyozi, au hutolewa zahanati na kuishia kwenye ndoo ya taka. Kilichoungua hakipimiki, na aliyekiunguza hatajua kamwe alikuwa ameshika nini.

Kinyama kikifika maabara kikiwa ndani ya fomalini, mwanapatholojia hukikata vipande vyembamba na kupima kutoka tabaka la juu la ngozi lenye punje punje hadi seli ya saratani iliyozama kuliko zote. Kipimo hicho kinaitwa kina cha Breslow, kwa jina la Alexander Breslow, mwanapatholojia wa Washington aliyekichapisha mwaka 1970. Kabla yake madaktari walibishana juu ya upana, rangi na mahali pa uvimbe. Yeye alionyesha kwamba unene wa milimita ndio unaotabiri vizuri nani ataugua tena, na kwamba wale wa chini ya milimita 0.76 walikuwa salama kwa kiasi cha kushangaza. Zaidi ya kina, ripoti inapaswa kusema kama ngozi ya juu ya uvimbe imechubuka, seli zinagawanyika kwa kasi gani, na kama kingo za kipande ni safi. Ripoti inayosema "melanoma" bila milimita haijamaliza kazi, na mgonjwa ana haki ya kuirudisha.

Mgawanyo wa hatua unaotumika tangu 2018 hufuata kipimo hicho. Ikiwa seli zote bado zimo ndani ya ngozi ya juu kabisa, hiyo ni hatua ya 0, na ikitolewa yote mgonjwa amepona. Chini ya milimita 0.8 bila mchubuko ni daraja la chini kabisa la melanoma inayozama. Kutoka 0.8 hadi 1.0, au iliyo nyembamba zaidi ila imechubuka, hupanda kidogo. Halafu hufuata 1 hadi 2, 2 hadi 4, na zaidi ya 4. Maadamu tezi na viungo vingine havijaguswa, yote hayo huhesabiwa hatua ya I au ya II. Kwa takwimu zilizokusanywa zaidi Australia, Ulaya na Marekani, kati ya wagonjwa 100 wa hatua IA, 98 hawajauawa na ugonjwa huu baada ya miaka 10. Wa hatua IB ni 94. Mwisho wa hatua ya II, yaani IIC, ni 75. Anayesikia neno saratani na kuanza kugawa mali yake angepaswa kwanza kuonyeshwa namba hizi, na kuambiwa yake ni ipi.

Sasa kisu. Kiasi cha ngozi nzima kinachoondolewa kuzunguka kovu la kwanza kina historia inayofaa kujulikana, kwa sababu ni historia ya kukata kupita kiasi kwa ushahidi haba. Mwaka 1907 William Sampson Handley, daktari wa upasuaji wa London, alieleza jinsi melanoma inavyosambaa ndani ya ngozi na kupendekeza ikatwe kwa upana mkubwa. Msingi wake ulikuwa uchunguzi wa maiti ya mgonjwa mmoja, ambaye ugonjwa wake ulikuwa umeshaenea sana. Kwa zaidi ya nusu karne madaktari walikata sentimita 5 kila upande, doa liwe nene au jembamba, wakaziba shimo kwa ngozi ya paja. Wagonjwa walibaki na makovu ya kutisha, na aliyepona alimshukuru Handley.

Majaribio ya kweli yalikuja baadaye. Umberto Veronesi wa Milano na wenzake, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 612 wenye melanoma isiyozidi milimita 2. Nusu walikatwa sentimita 1 pembeni, nusu sentimita 3 au zaidi. Matokeo ya 1988 yalionyesha kwamba waliokatwa kidogo waliishi sawa na waliokatwa sana. Kwa melanoma nene zaidi ya milimita 2, jaribio lililoongozwa kutoka Sweden lililinganisha sentimita 2 na 4 kwa wagonjwa 936. Mwaka 2011 hapakuwa na tofauti ya kuishi, na waliporudi kuwaangalia mwaka 2019 bado haikuwapo. Hapo mtu angeweza kudhani kisu kinaweza kurudi nyuma bila kikomo. Waingereza ndio waliokigotesha. Kwa wagonjwa 900 wenye milimita 2 au zaidi walilinganisha sentimita 1 na 3. Taarifa ya 2004 ilionyesha ugonjwa ukirudi zaidi kwa waliokatwa sentimita 1, na ile ya 2016 ikaonyesha kundi hilo likifa zaidi kwa melanoma.

Kwa hiyo kanuni za leo ni hizi: nusu sentimita hadi 1 kwa hatua ya 0, sentimita 1 kwa kina kisichozidi milimita 1, kati ya 1 na 2 kwa kina cha milimita 1 hadi 2, na 2 kwa kilichozidi hapo. Chini, mkato hushuka hadi kwenye utando wa misuli. Kipimo hupigwa kwa rula juu ya ngozi kabla kisu hakijagusa, na jambo hili huleta taharuki isiyo ya lazima: nyama hunywea ikitolewa na kuwekwa kwenye fomalini, hivyo ripoti ya maabara inaweza kuandika milimita 8 mahali daktari alipopima 10. Hakuna aliyeibiwa ngozi.

Lakini msomaji wa Kiswahili ana swali ambalo vitabu vya upasuaji hulipita haraka. Majaribio haya yalifanywa kwa nani? Karibu wote walikuwa weupe, na uvimbe wao ulikuwa zaidi mgongoni, kifuani, mapajani na mikononi. Jaribio la Uingereza liliwaacha nje kabisa wenye melanoma ya viganja na nyayo. Maana yake sentimita tunazokata unyayoni Moshi, Nairobi au Kampala ni za kuazima. Ni mkopo unaofaa, kwa sababu hakuna namba bora zaidi, na biolojia ya kina inaonekana kufanya kazi unyayoni pia. Ila daktari anayemwambia mgonjwa wa unyayo kwamba "utafiti umethibitisha" sentimita fulani anasema zaidi ya alichonacho. Melanoma ya akrali hutambaa ndani ya ngozi ya juu kupita ukingo unaoonekana kwa macho, na ina tabia mbaya zaidi ya kurudi pale pale. Hivyo jambo la kusisitiza kuliko sentimita zenyewe ni kingo safi zilizothibitishwa na maabara kabla ya kuziba jeraha kwa namna isiyofumulika.

Na kuziba unyayo ni kazi. Ngozi ya kisigino ni ya aina yake: nene, imeshikwa na mafuta yaliyogawanyika vyumba vyumba, imeumbwa kubeba uzito wa mwili. Ngozi ya paja ikipandikizwa kisiginoni hushika, ila ni nyembamba, nayo hupasuka na kufanya vidonda kwa mtu anayetembea kilomita kadhaa kwa siku. Kwenye upinde wa unyayo, usiogusa ardhi sana, kipandikizi hutosha. Kisiginoni, daktari wa upasuaji rekebishi huweza kuhamisha kipande cha ngozi ya upinde huo pamoja na mishipa yake ya damu. Njia nyingine, inayodharauliwa kwa sababu ni ya polepole, ni kuliacha shimo lijijaze lenyewe kwa wiki au miezi huku likisafishwa na mgonjwa akitembelea magongo. Mara nyingi kovu linalotokea ni gumu na linabeba uzito vizuri. Mkulima au machinga akiulizwa achague, achague akijua tofauti hiyo. Kovu zuri la kuangalia lisilokanyagika halimsaidii.

Je, mguu ukatwe? Kwa melanoma ya hatua ya I au ya II, kukata mguu mzima ni nadra kuhitajika. Kidole ni suala lingine. Melanoma ya ukucha iliyozama, hasa iliyo nene, huishia mara nyingi na kidole kukatwa kwenye kiungo cha karibu, kwa sababu kati ya ukucha na mfupa hakuna nyama ya kutosha ya kuacha ukingo. Ile ambayo bado iko hatua ya 0 huweza kutolewa pamoja na kitanda chote cha ukucha na kupandikizwa ngozi, kidole kikabaki. Anayesema "kata tu tuwe na uhakika" kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili hajafanya kazi yake.

Tezi ndizo zinazoleta ubishi mkubwa kuliko ngozi. Zamani ilikuwa desturi kuzikwangua tezi zote za kinena au kwapa kwa tahadhari. Mwaka 1992 Donald Morton wa California na wenzake walichapisha njia nyingine: sindano ya rangi ya buluu hudungwa penye kovu, rangi hufuata njia ya limfu hadi tezi ya kwanza, na hiyo peke yake hutolewa na kupimwa. Tuiite tezi mlinzi. Siku hizi huongezwa dawa yenye mionzi kidogo na kifaa cha kuifuatilia, na mafanikio huwa makubwa zaidi.

Nani afanyiwe? Chini ya milimita 0.8 bila mchubuko, uwezekano wa kukuta saratani kwenye tezi hiyo ni chini ya asilimia 5, na kwa kawaida haifai kuisumbua. Kati ya 0.8 na 1.0, au kukiwa na mchubuko, uwezekano ni kama asilimia 5 hadi 10, na hapo ni mazungumzo. Ikizidi milimita 1, mgonjwa anapaswa kupewa nafasi hiyo. Neno "kupewa nafasi" nimelichagua kwa makusudi. Jaribio kubwa la Morton, lililotoa majibu ya mwisho mwaka 2014, halikuonyesha kwamba kupima tezi mlinzi kunaongeza maisha ya wagonjwa wote waliopimwa. Linatoa taarifa: nani yuko hatarini, nani ahitaji dawa, nani alale usingizi. Na jaribio lililofuata mwaka 2017, lenye wagonjwa zaidi ya 1,900 ambao tezi mlinzi ilikutwa na ugonjwa, lilionyesha kwamba kuzikwangua tezi zilizobaki hakukuongeza uhai ukilinganisha na kuzifuatilia kwa ultrasaundi. Miaka mitatu baadaye asilimia 86 ya kila kundi walikuwa hawajafa kwa melanoma. Kilichoongezeka ni uvimbe wa limfu: asilimia 24 ya waliokwanguliwa, dhidi ya 6 ya wengine. Aliyewahi kuona matende Tanga au Lamu anajua mguu uliojaa limfu unavyomfunga mtu nyumbani. Kukwangua tezi za kinena za mgonjwa wa melanoma changa "kwa usalama" ni desturi iliyopitwa na wakati, na inapaswa kukataliwa kwa adabu.

Hospitali nyingi za kanda hii hazifanyi kipimo cha tezi mlinzi. Kwa mgonjwa wa milimita 0.6 hilo si pengo. Kwa wa milimita 1.8 ni pengo, lakini si shimo la kuangukia. Morton alianza kwa rangi ya buluu bila mashine ya nyuklia, hivyo daktari wa upasuaji aliyefunzwa anaweza kuifanya kwa vifaa vichache. Isipowezekana kabisa, kinena au kwapa lipimwe kwa ultrasaundi kila baada ya miezi michache katika miaka ya kwanza, na tezi yenye sura ya shaka ichomwe sindano ya kunyonya seli. Jambo la kuzingatia ni mpangilio: kama mgonjwa atapelekwa kwingine kwa ajili ya tezi mlinzi, apelekwe kabla ya upasuaji mpana, kwa sababu ile njia ya limfu ikishakatwa rangi haitafika inakotakiwa.

Kuhusu dawa nitasema machache, maana katika hatua hii hazina mengi. Kwetu mtu akisikia saratani hufikiria hospitali ya Ocean Road na kuchomwa mionzi, au dripu za kemo. Melanoma changa iliyokatwa vizuri kwa kawaida haihitaji kimojawapo. Marekani iliidhinisha pembrolizumab mwezi Desemba 2021, na nivolumab mwezi Oktoba 2023, kwa wagonjwa wa hatua IIB na IIC baada ya upasuaji. Dawa hizi huamsha kinga ya mwili, na zimepunguza idadi ya wanaorudiwa na ugonjwa. Bei yake ni ya kuuza kiwanja, na baadhi ya madhara hayaondoki: tezi ya shingo au za juu ya figo zikishaharibika, mgonjwa hunywa vidonge maisha yote. Kwa hatua IA, IB na IIA hazimo kwenye tiba ya kawaida. Atakayekuuzia dawa hizo kwa melanoma ya milimita 0.6 anakuuzia hofu yako.

Baada ya nyuzi kutolewa, mgonjwa huuliza atarudi lini. Hapa nchi tajiri zenyewe hazikubaliani. Mwongozo unaofuatwa sana Marekani unataka mgonjwa wa hatua ya I aonwe kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 5, kisha mara moja kwa mwaka maisha yote. Uingereza humruhusu mgonjwa wa hatua IA baada ya mwaka mmoja tu, akiwa amefundishwa kujikagua. Uholanzi walijaribu kupunguza ziara za wagonjwa wa hatua IB hadi IIC, na ugonjwa uliorudi kwa waliopunguziwa haukuchelewa kugundulika kuliko kwa wengine. Sababu ya msingi ni kwamba ugonjwa ukirudi, mara nyingi anayeuona kwanza ni mgonjwa mwenyewe au mwenzi wake.

Kwa mtu anayeishi Singida au Turkana, na daktari wa ngozi yuko mji mwingine, ushauri wangu ni kutotumia nauli kwa ratiba ya kunakili. Miaka 3 ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa, hasa kwa aliyezidi milimita 1. Huyo aonwe kila miezi 4 hadi 6, hata na daktari wa hospitali ya wilaya aliyepewa barua inayosema akague nini, na ultrasaundi ya tezi ifanyike pale pale. Aliye chini ya 0.8 anatosheka na mara moja au mbili kwa mwaka. Picha za CT na vipimo vya damu vya kila mara kwa mtu wa hatua ya I asiye na dalili havina faida iliyoonekana, na vina hasara. Mapafu yenye kovu la kifua kikuu cha zamani yatatoa kivuli, kivuli kitataka picha nyingine, na familia itauza ng'ombe kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Kujikagua kufanyike mara moja kwa mwezi, mchana, kwenye mwanga. Kovu lipapaswe kama kuna kinundu au nukta nyeusi mpya karibu yake. Ipapaswe pia njia ya kutoka kovuni hadi kwenye tezi: kwa unyayo, nyuma ya goti na kinenani. Mitoki ya kinena ni ya kawaida kwa mtu anayetembea pekupeku na kupata vidonda vya miguu, hivyo si kila uvimbe ni kilio. Ule unaohitaji daktari ni mgumu, usiouma, usioshuka baada ya wiki chache, au unaoendelea kukua. Kisha ikaguliwe ngozi iliyobaki, kwa sababu aliyepata melanoma moja anaweza kupata nyingine isiyohusiana na ya kwanza. Katika wagonjwa 100, kama 4 hadi 8 huipata katika maisha yao. Nyayo zote mbili, katikati ya vidole, viganja na kucha, ambazo zisifichwe na hina au rangi siku ya ukaguzi. Mgongo auangalie mwenzi au ndugu wa jinsia yake.

Kinachobaki ni suala la fedha, na hapa lawama si ya mgonjwa. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki gharama ya kukata doa ni moja na gharama ya kulipima ni nyingine. Mgonjwa hulipa ya kwanza, hukabidhiwa kichupa chenye kinyama chake, na kuambiwa akipeleke maabara mwenyewe. Wapo wanaofika, na wapo ambao kichupa kinakauka juu ya kabati kwa kukosa pesa ya kipimo. Ada ya patholojia iingizwe ndani ya bei ya upasuaji wa ngozi, na mifuko ya bima ikatae kulipia upasuaji ambao haukuambatana na ripoti yenye kina kwa milimita. Nawe uliyetolewa doa, hata lile dogo ulilodhani ni sunzua, rudi ulikotolewa uombe nakala ya ripoti hiyo, uisome, kisha uihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.